Jinsi ya Kukokotoa Maswali ya Kani Tokeo, Uzito na Ukinzani: Kuanzia Mchoro Hadi Jibu

Ukisahihisha madaftari ya maswali ya kani utagundua kuwa hesabu zenyewe huwa sawa. Kutoa 120 kwenye 180 hakumshindi mtu. Mambo huharibika mapema zaidi, pale mwanafunzi anapozoa namba zote zilizo kwenye swali na kuzitia kwenye kanuni kabla hajajua ni kani gani zinasukuma kitu gani, na kuelekea wapi. Kwa hiyo hapa tutakaa sana kwenye mchoro. Andaa karatasi, penseli na kikokotoo, na ukokotoe kila mfano mwenyewe kabla ya kusoma jibu lake.

Mambo ya kuweka sawa kwanza

Tungamo ni kiasi cha maada kilichomo ndani ya kitu, na hupimwa kwa kilogramu. Uzito ni kani ambayo dunia inakivuta nayo kitu hicho, na kama kani nyingine zote hupimwa kwa nyutoni (N). Dukani tunasema "uzito wa kilo 50" na hakuna anayegombana, lakini ndani ya swali la umakanika kilo 50 ni tungamo, na uzito wake, ambapo g ni kani ambayo mvutano wa mahali hapo unavuta nayo kila kilogramu, ni:

uzito = tungamo × g = 50 × 9.8 = 490 N

Thamani ya g si moja kila mahali. Kwenye ikweta ni kama 9.78, kwenye ncha za dunia kama 9.83, na Mwezini ni 1.62 tu. Gunia lile lile la kilo 50 likipelekwa Mwezini litakuwa na uzito wa 81 N, ila tungamo lake litabaki kilo 50. Vitabu na mitihani hutumia 9.8 au 10. Soma maelekezo ya karatasi yako na utumie waliyokupa, kwa sababu ukichanganya 10 kwenye mstari mmoja na 9.8 kwenye mwingine, jibu halitakubaliana na lolote. Mwongozo huu unatumia 9.8.

Kani tokeo ni kani moja ambayo, ingefanya kazi peke yake, ingeleta matokeo yale yale yanayoletwa na kani zote zikiwa pamoja. Kanuni inayoiunganisha na mwendo ni ya Isaac Newton, aliyeichapisha mwaka 1687:

kani tokeo = tungamo × mchapuko

Mchapuko ni kiasi ambacho mwendokasi unabadilika kila sekunde. Hapo ndipo penye siri ya somo zima: kani tokeo inaeleza mwendo unavyobadilika. Haisemi kitu kinaelekea wapi. Gari linaweza kwenda mashariki huku kani tokeo ikielekea magharibi. Maana yake ni kwamba linapunguza mwendo. Na kani tokeo ikiwa sifuri, kitu kimesimama au kinakwenda kwa mwendokasi usiobadilika kwenye mstari ulionyooka. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo watunga mitihani wanayoipenda kuliko zote, na wataificha ndani ya maneno kama "kwa mwendo wa kudumu" au "bila kuongeza kasi". Ukiyaona, andika sifuri upande wa kulia wa mlinganyo wako.

Ukinzani, uwe msuguano wa barabara, wa hewa au wa maji, hupinga mwendo. Ukitaka kujua mshale wake uelekee wapi, uliza kitu kinakwenda wapi, kisha uchore kinyume. Usiulize kani tokeo iko upande gani.

Hatua, kwa mfano wa mkokoteni

Mkokoteni pamoja na mzigo wake una tungamo la kilo 150. Unasukumwa kwenye barabara tambarare kwa kani ya mlalo ya 180 N, na ukinzani wote ni 120 N. Tafuta mchapuko.

Hatua ya kwanza ni kuchagua kitu kimoja cha kuchunguza. Hapa ni mkokoteni na mzigo wake. Anayesukuma hayumo, barabara haimo. Chora kisanduku, picha ya magurudumu haina alama.

Hatua ya pili ni kuchora kani zote zinazokipata kitu hicho, na hizo tu. Anza na uzito, mshale unaoshuka wima. Kisha kizungukie kitu chako kwa macho na uulize: ni nini kinakigusa? Mikono inakigusa, inasukuma mbele kwa 180 N. Barabara inakigusa, na inaleta kani mbili: inakibeba kuelekea juu (hii tutaiita kani egemeo, R) na inakipinga kwa nyuma kwa 120 N. Hakuna kingine kinachokigusa, basi hakuna mshale mwingine. Wengi huongeza mshale wa mbele wanaouita "kani ya mwendo", ati kwa kuwa mkokoteni unakwenda. Kani hiyo haipo. Kila mshale lazima uweze kumtaja mwenyewe: nani anasukuma, au nani anavuta? Usipompata, ufute.

Hatua ya tatu, chagua upande chanya na uuandike kando ya mchoro kwa mshale mdogo. Hapa ni mbele.

Hatua ya nne, andika mlinganyo wa kila mwelekeo peke yake. Wima, mkokoteni haupai wala hauzami, hivyo R = 150 × 9.8 = 1470 N. Mlalo:

180 − 120 = 150 × a (a ni mchapuko)

60 = 150a

a = 0.4 m/s²

Angalia kwamba uzito wa 1470 N haukuingia kwenye mlinganyo wa mlalo. Ulikuwapo kwenye mchoro, ila unaelekea chini na umebebwa na barabara.

Hatua ya tano ni kulihoji jibu. Je, mkokoteni wenye mzigo ukiongeza 0.4 m/s kila sekunde ni jambo la kuaminika? Ndiyo. Ukipata 40 m/s², rudi nyuma.

Sasa swali lile lile ligeuzwe. Mkokoteni umefika 1.6 m/s na msukumaji anataka uendelee hivyo hivyo. Asukume kwa kani gani? Kani tokeo ni sifuri, basi 120 N, sawa na ukinzani. Wengi hutaka kuongeza kidogo "ili uende". Ukiongeza, mwendo utaongezeka, na swali halikusema hivyo. Akiuachia kabisa, kinachobaki ni 120 N za kurudi nyuma:

−120 = 150a, hivyo a = −0.8 m/s²

Utasimama baada ya 1.6 ÷ 0.8 = sekunde 2. Umbali unatoka kwenye v² = u² + 2as, ambapo u ni mwendokasi wa mwanzo, v wa mwisho na s umbali: 0 = 2.56 − 1.6s, yaani mita 1.6.

Ndoo ya kisimani: mwendo na kani tokeo zikigombana

Ndoo ya maji yenye tungamo la kilo 20 inavutwa kwa kamba. Uzito wake ni 196 N. Kani ni mbili tu: kamba inavuta juu, dunia inavuta chini. Mvutano wa kamba ukiwa 216 N, juu ikiwa chanya:

216 − 196 = 20a, a = 1 m/s² kuelekea juu.

Mvutano ukiwa 186 N:

186 − 196 = 20a, a = −0.5 m/s², yaani kuelekea chini.

Je, katika hali ya pili ndoo inashuka? Hatujui bado. Kama ilikuwa inapanda kwa 1 m/s, itaendelea kupanda ikipunguza mwendo, na baada ya sekunde 2 itasimama ndipo ianze kushuka. Kama ilikuwa tayari inashuka, itashuka kwa kasi zaidi na zaidi. Mchapuko ni ule ule katika hali zote mbili. Alama ya hasi inahusu mchapuko tu, kwa hiyo usiandike "inashuka" mpaka swali limekuambia ilianzaje.

Lifti ni ndoo hiyo hiyo ikiwa na mtu ndani. Mtu wa kilo 60 amesimama juu ya mizani ya bafuni ndani ya lifti. Uzito wake ni 588 N na hautabadilika hata lifti ikifanya nini. Kinachobadilika ni R, kani ambayo mizani inamsukuma nayo, na hiyo ndiyo mizani inayoisoma. Lifti ikianza kupanda kwa mchapuko wa 1.2 m/s²:

R − 588 = 60 × 1.2, R = 660 N, na mizani inaonyesha 660 ÷ 9.8, kama kilo 67.

Ikikaribia ghorofa ya juu na kupunguza mwendo kwa kiasi hicho hicho, mchapuko unaelekea chini ingawa lifti bado inapanda:

R − 588 = 60 × (−1.2), R = 516 N, kilo 53 hivi.

Lifti ikienda katikati ya ghorofa kwa mwendo usiobadilika, mizani inarudi kilo 60 kamili.

Kuanguka hewani

Mwaka 1971 mwanaanga David Scott wa Apollo 15 aliachia nyundo na unyoya kwa pamoja Mwezini, vikafika chini kwa wakati mmoja. Huko hakuna hewa. Hapa kwetu ukinzani wa hewa upo, na tatizo lake ni kwamba haukai kwenye namba moja: kadiri kitu kinavyokwenda mbio ndivyo unavyokua. Kwa mtu anayeanguka, mwendo ukiongezeka mara mbili, ukinzani huongezeka karibu mara nne.

Mruka kwa mwavuli ana tungamo la kilo 80 pamoja na vifaa, uzito 784 N. Chukua chini kuwa chanya na ukokotoe kwa vipindi. Anapoiacha ndege tu, hana mwendo wa kushuka, ukinzani wa kumzuia asishuke ni sifuri, a = 9.8 m/s². Ukinzani ukifika 392 N, 784 − 392 = 80a, a = 4.9 m/s². Bado anaongeza kasi, ila polepole kuliko mwanzo. Ukinzani ukifika 784 N, kani tokeo ni sifuri na anashuka kwa mwendokasi kikomo. Kwa mtu aliyelala kifudifudi ni kama 200 km/h.

Kisha anafungua mwavuli na ukinzani unaruka hadi, tuseme, 2000 N:

784 − 2000 = 80a, a = −15.2 m/s²

Mchapuko unaelekea juu, lakini yeye hapai. Anashuka huku akipunguza mwendo, na mwendo ukipungua ukinzani nao unapungua, mpaka unarudi 784 N kwa mwendokasi kikomo mpya ulio mdogo zaidi. Wanaosema mruka "hurudi juu" wamechanganya yale yale tuliyoyaona kwenye ndoo. Kwenye picha za video huonekana kama anapanda kwa sababu mpiga picha hajafungua wake na anaendelea kuporomoka.

Kani yenye pembe: kuvuta au kusukuma gunia?

Hapa ndipo maswali yanapokuwa matamu. Gunia la kilo 50 (la halali, tusiongelee lumbesa, lile linalojazwa kupita kiasi) liko kwenye sakafu ya ghala. Kizigeu cha msuguano ni 0.4, maana yake msuguano unaweza kufika hadi 0.4 ya kani egemeo na si zaidi. Una nguvu ya 250 N. Ulivute kwa kamba iliyoinuka nyuzi 30, au ulisukume kutoka juu ukiinamia kwa nyuzi 30 hizo hizo?

Kani iliyo mshazari igawe sehemu mbili kabla ya jambo lingine lolote: ya mlalo 250 × cos 30° = 216.5 N, na ya wima 250 × sin 30° = 125 N. Ukishazigawa, futa ule mshale wa mshazari kwenye mchoro, la sivyo utaihesabu kani moja mara mbili.

Ukivuta, ile 125 N inainua. Wima: R + 125 = 490, hivyo R = 365 N. Msuguano wa juu kabisa ni 0.4 × 365 = 146 N. Mlalo: 216.5 − 146 = 50a, a = 1.41 m/s². Gunia linaondoka.

Ukisukuma, ile 125 N inakandamiza. Wima: R = 490 + 125 = 615 N. Msuguano unaweza kufika 246 N, na wewe una 216.5 N za mlalo. Gunia halisogei hata kidogo.

Sasa swali la mtego: katika hali hiyo ya pili msuguano ni kiasi gani? Jibu ni 216.5 N. Namba 246 ni kikomo chake. Gunia lililotulia lina kani tokeo sifuri, hivyo msuguano unajibu kwa kiasi kile kile ulichosukuma. Ungekuwa 246 N kweli, gunia lingekurudia.

Kosa la kuandika R = mg (m ni tungamo) bila kuangalia mchoro ndilo linaloua swali hili. R ni sawa na uzito pale tu ambapo sakafu ni tambarare, hakuna kani nyingine ya wima, na hakuna mchapuko wa wima. Kwa anayependa kuchimba zaidi: pembe bora ya kuvutia ni ile ambayo tan yake ni sawa na kizigeu, hapa nyuzi 22 hivi. Ukivuta mlalo kabisa unapata 1.08 m/s² tu.

Mlima na lori

Kwenye mteremko usitumie mlalo na wima. Geuza mielekeo yako: mmoja ufuate barabara, mwingine uwe mraba nayo. Uzito unaendelea kuelekea chini wima, kisha unagawanywa: mg sin θ kufuata mteremko, mg cos θ kukandamiza barabara, θ ikiwa pembe ya mteremko. Ukisahau ipi ni sin, fikiria barabara tambarare, θ = 0. Hapo hakuna kinachovuta gari kuteremka, na sin 0° = 0.

Lori la tani 20 liko kwenye mlima unaopanda mita 1 kwa kila mita 20 za barabara, yaani sin θ = 1/20. Uzito ni 196,000 N, na sehemu inayofuata mteremko ni 196,000 ÷ 20 = 9,800 N. Ukinzani tuuchukue 4,200 N.

Likipanda kwa mwendo usiobadilika, uzito na ukinzani vyote vinavuta nyuma: injini inahitaji 9,800 + 4,200 = 14,000 N.

Likishuka, ukinzani unageuka kwa sababu mwendo umegeuka, uzito haugeuki. Dereva akitoa gia na kuliachia lori lishuke lenyewe bila breki:

9,800 − 4,200 = 20,000a, a = 0.28 m/s²

Inaonekana ndogo. Lakini akianza na 36 km/h (10 m/s) na mteremko ukiwa wa kilomita moja, v² = 100 + 2 × 0.28 × 1000 = 660, v = 25.7 m/s. Hiyo ni zaidi ya 92 km/h, kwa lori la tani 20. Hewa itapunguza kidogo, kwani ukinzani halisi hukua na mwendo, lakini madereva wa mlima Kitonga, Iringa, wanaoshuka na gia nzito hawahitaji mlinganyo kuelewa kwa nini.

Vitu viwili vilivyofungwa pamoja

Gari la kilo 1200 linavuta tela la kilo 600. Kani ya injini ni 2250 N. Ukinzani kwenye gari ni 300 N na kwenye tela 150 N. Tafuta mchapuko, na mvutano kwenye chuma cha kuunganishia.

Kwanza vichukue vyote kama kitu kimoja. Mvutano ni jambo la ndani, hautokei kwenye mchoro huu:

2250 − 300 − 150 = 1800a, a = 1 m/s²

Kisha likate tela peke yake, maana lina kani chache:

T − 150 = 600 × 1, T = 750 N

Hakiki kwa gari: 2250 − 300 − 750 = 1200, na 1200 × 1 = 1200. Sawa.

Dereva akikanyaga breki na vyote vikapunguza mwendo kwa 2 m/s², tela linahitaji 1200 N za kurudi nyuma. Ukinzani wake unatoa 150 tu. Zile 1050 N zilizobaki zinatoka kwenye chuma, ambacho sasa kinalisukuma tela kwa nyuma. Kamba isingeweza kazi hiyo: ingelegea, na tela lingeligonga gari.

Maswali ya kujipima

Chora kwanza. Majibu yako mwishoni.

A. Dau la kilo 400 linakokotwa ufukweni na makundi mawili, kamba zikiwa mraba. Kundi moja linavuta kwa 600 N, jingine kwa 800 N, na mchanga unapinga kwa 900 N. Tafuta mchapuko na uelekeo.

B. Injini ya kilo 250 inainuliwa kwa mnyororo usioweza kubeba zaidi ya 2,800 N. Mchapuko mkubwa kabisa wa kupanda ni upi?

C. Lori letu la tani 20 linapanda mlima ule ule kwa 15 m/s, injini inazimika. Litakwenda umbali gani kabla ya kusimama, bila breki?

D. Jiwe la kilo 2 linazama majini. Maji yanalisukuma juu kwa 8 N kwa kulielesha, na kwa wakati fulani ukinzani ni 5.8 N. Tafuta mchapuko wakati huo, na ukinzani jiwe litakapokuwa limefika mwendokasi kikomo.

Majibu: A, mvuto wa pamoja ni 1000 N, a = 0.25 m/s², nyuzi 37 kutoka kamba ya 800 N. B, 1.4 m/s². C, a = −0.7 m/s², mita 161 hivi. D, 2.9 m/s² kuelekea chini, 11.6 N.